Taimi wa Masijala

Katika mji wetu wa Haapalahti, mtu akimkuta Taimi Kettukangas dukani, kwenye rafu ya maziwa, alikuwa akimsalimia kisha anatazama kando. Si kwa chuki. Taimi alikuwa karani wa masijala ya hospitali, na hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuandika habari za figo, mimba au mishipa ya mtu wake. Mchungaji alimjua kwa shinikizo lake la damu, mwalimu mkuu kwa kibofu chake. Yeye mwenyewe hakuonyesha kwamba anajua lolote. Aliuliza, "Hujambo? Mzima?" kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, na mtu akijibu "Mzima," hata kama juzi tu ametolewa mawe kwenye nyongo, Taimi alisema, "Vizuri sana," akaendelea kuchagua siagi.

Mimi nimekaa naye jengo moja, ngazi moja, miaka mingi, na zamu zetu za sauna, bafu la mvuke la jengo, zilifuatana. Sikuwahi kusikia kinywani mwake jina la mgonjwa hata mmoja. Haya ninayoyasimulia sikuyapata kwake. Mengi nimeyapata kwa mdogo wake, Ensio, ambaye tangu kuzaliwa hajui kuweka siri, na machache niliyaona kwa macho yangu.

Walizaliwa kando ya ziwa, kwenye shamba dogo la ng'ombe wa maziwa, Taimi wa kwanza, Ensio wa pili na wa mwisho. Baba yao alifariki wangali wadogo. Mama yao, Hilja, aliwalea kwa kukamua na kunyamaza, na hayo mawili aliyaweza kuliko mtu yeyote upande huu wa ziwa. Ensio alitokea msemaji, na hakuna aliyejua amemrithi nani. Taimi alimrithi mama. Alijifunza kupiga taipu kwenye chuo cha biashara, akaajiriwa hospitalini akiwa bado msichana, na hakuwahi kuajiriwa kwingine.

Enzi hizo majalada yalikuwa ya karatasi, na masijala ilikuwa chini ya jengo, chumba kirefu kisicho na dirisha, kimejaa makabati ya chuma. Jalada la mtu lilisukumwa kwa toroli mpaka kliniki, likarudi limenenepa. Madaktari walizungumza kwenye kaseti. Makarani wakavaa hedifoni, wakaweka mguu kwenye pedali ya kuendeshea na kurudishia sauti nyuma, wakaandika imla. Ukiingia ghafla ungewaona wanawake kadhaa wamekaa kimya, kila mmoja anaandika ugonjwa wa mtu mwingine, na hakuna sauti ila ya vidole. Sirkku, aliyekuwa amemtangulia kidogo na baadaye akawa mkuu wao, ndiye aliyemfundisha kazi.

"Kinachoingia sikioni kitokee vidoleni," alimwambia. "Kichwani kisipite."

"Na kikipita?"

"Kikipita, kaa nacho. Ila usikitembeze."

Taimi alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika ubatizo. Kuna mama mmoja wa mtaa wa juu aliyempelekea mkate wa samaki, mzima, umetoka tanurini, akakaa jikoni kwake akizungukazunguka mpaka akafika kwenye vipimo vya mumewe. Taimi alikata mkate, akala, akasifu chumvi yake, akamwongezea mgeni kahawa. Alipomaliza alisema, "Muulize mumeo, mama. Ndiye mwenye mwili." Yule mama hakuleta mkate tena. Taimi aliolewa na Tauno, fundi wa magari ya kufagia theluji, mtu wa maneno matatu kwa siku, na nadhani alimchagua kwa hilo.

Kisha kompyuta zikaja. Kaseti zikatupwa, imla ikahamia kwenye kompyuta, makabati yakauzwa kama chuma chakavu, karatasi zikapigwa picha moja moja na kuchomwa. Jalada la mtu sasa halikuwa na uzito. Daktari wa hospitali kubwa ya Kuopio aliweza kulisoma la mtu wa Haapalahti kabla mgonjwa hajashuka kwenye basi. Baadaye hata mgonjwa mwenyewe akaruhusiwa. Mtu alikaa nyumbani kwake, akaingiza namba za siri za benki yake, akafungua ukurasa wake wa afya na kusoma alichosema daktari. Makarani hawakupenda sana mwanzoni. Walikuwa wamezoea kuandikiana na madaktari. Sasa ilikuwa kama mtu anayesemwa amesimama mlangoni.

Ugomvi wa Taimi na Ensio ulitokana na mama yao.

Ensio alikuwa dereva wa mashine za kukata miti, na mwaka ule alikuwa kaskazini ya mbali, upande wa Sweden, kwenye misitu ambayo simu hushika ukipanda juu ya mashine. Hilja akaanza kuishiwa nguvu. Akapimwa, akaambiwa, akamwita Taimi.

"Ensio asijue," alisema.

"Mama, ni mwanao."

"Ndiyo maana. Nimesema."

Ensio alipopiga simu kumuuliza mama, mama alisema yuko salama na kwamba theluji ni nyingi. Kwa kuwa hakuamini, alimpigia dada yake.

"Taimi, sema kweli. Nije?"

"Muulize mama."

"Nimemuuliza! Amenipa taarifa ya hali ya hewa. Wewe uko hospitalini, unaona kila kitu. Nakuuliza nije au nisije?"

"Siwezi kukujibu hilo, Ensio."

"Huwezi au hutaki?"

"Muulize mama."

Hilja alifariki barafu ya ziwa ikianza kulainika. Ensio alifika akakuta ameshahifadhiwa kwenye chumba cha baridi. Baada ya mazishi, kwenye kahawa ya ukumbi wa kanisa, watu wakiwa wamekaa na vikombe magotini, alimsogelea dada yake na hakushusha sauti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokupigia, ulikuwa unajua."

"Alinikataza."

"Alikukataza! Wewe hujawahi kukatazwa kitu ukakiuliza mara mbili. Unajua wewe ni nini, Taimi? Wewe ni kabati. Kabati la chuma la kule chini. Mtu anatiwa ndani, mlango unafungwa, kwisha."

Taimi aliweka kikombe chake mezani, polepole, kana kwamba ndicho kilichotukanwa. Ensio akatoka nje bila koti.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mji wetu ni mdogo, hawakuweza kukwepana. Ensio aliporudi kuishi kando ya ziwa, kwenye nyumba ileile ya mama, walikutana kwenye kituo cha petroli, walikutana kwenye uchaguzi, na mmoja akimwona mwenzake alikumbuka ghafla kitu alichosahau kwenye gari. Watu walizoea. Huku kwetu ndugu kutosemeshana si habari ya gazeti.

Miaka ikapita hivyo. Mke wa Ensio alikwisha kuondoka zamani, akabaki yeye, mashine yake na maneno yake yasiyo na wa kuyasikiliza. Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Alilivumilia kama wanaume wa huku wanavyovumilia, mpaka kukaa kwenye kiti cha mashine kukamshinda. Akaenda hospitali, akatiwa kamera, akapigwa picha, akaambiwa arudi nyumbani asubiri simu ya daktari.

Lililotokea masijala siku ile alinieleza Sirkku mwenyewe, lakini ni baada ya Ensio kwisha kuisambaza habari mji mzima. Alikuwapo daktari kijana wa upasuaji aliyetoa imla haraka kama mtu anayekimbizwa. Imla huanza na tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa, jina hufuata. Taimi aliitambua tarehe kabla ya jina. Akainua mguu kwenye pedali. Sauti ikakatika.

Kanuni yao ilikuwa kwamba karani akisikia habari ya ndugu yake ampe mwenzake. Aliondoa hedifoni, akaenda kwa Sirkku.

"Nimeletewa mtu wangu," alisema.

Sirkku alielewa. "Mpe Marketta."

"Marketta anaumwa. Na imewekewa alama ya haraka. Ni rufaa ya Kuopio, inatakiwa itoke leo."

Sirkku alitazama foleni ya kazi kwenye skrini, akavua miwani. Yeye mwenyewe alikuwa na kikao cha wakuu kilichokwisha kuanza, na wote wawili walijua kwamba rufaa isipotoka itasubiri mpaka wiki nyingine.

"Unaweza?"

"Nitaandika."

"Basi andika, funga, uisahau."

"Kuandika nitaandika," alisema Taimi.

Alirudi kwenye kiti chake na kuandika mpaka mwisho: uvimbe kwenye utumbo mpana, madoa kwenye ini, maombi ya upasuaji. Chini, kama ilivyokuwa desturi ya hospitali ile tangu enzi za karatasi, baada ya jina la daktari zilifuata herufi mbili za aliyeandika. T.K. Daktari aliidhinisha akiwa amesimama, maana alikuwa anaondoka. Alikusudia kumpigia mgonjwa simu Jumatatu. Hakufikiria, au hakuna aliyemkumbusha, kwamba maandishi yakishaidhinishwa hayamsubiri daktari.

Jumamosi niliamka nikasikia harufu ya iliki imejaa ngazi yote. Taimi alikuwa ameoka mikate mitamu, si sinia moja, masinia. Alinigongea akanipa miwili mikubwa, bado ya moto.

"Kuna sherehe?" nikamuuliza.

"Unga ulikuwa mwingi," alisema.

Tauno alikuwa nyuma yake mlangoni akitafuna. Alinitazama akapandisha mabega. Baadaye nilimwona Taimi dirishani akishuka na mkate umefungwa kwenye kitambaa, anaingia kwenye gari peke yake. Yaliyobaki ni ya Ensio.

Anasema alikuwa jikoni tangu asubuhi. Alikwisha kusoma jana yake. Alifungua ukurasa wake wa afya kutafuta cheti chake cha macho cha leseni, akaona kuna maandishi mapya, akasoma amesimama, na soseji zikaungua kwenye kikaango. Hakumpigia mtu. Alisema mtu anayezungumza sana hugundua siku kama hiyo kwamba hajui namba ya simu ya yeyote.

Sasa, Jumamosi hiyo, akitazama nje kwenye mwanga mkali wa theluji ya Aprili, aliliona gari jekundu likija kwenye barabara ya ziwa. Lilipunguza mwendo kwenye safu ya masanduku ya barua, pale njia ya kwake inapoanza. Likasimama. Likakaa pale muda mrefu, injini inaunguruma, moshi unapanda. Kisha likageuka kwa taabu kwenye theluji, likarudi lilikotoka.

Ensio alimpa dada yake muda wa kufika nyumbani. Kisha akapiga.

"Haloo," alisema Taimi.

"Gari lako limeharibika?"

Ensio alisikia funguo zikiwekwa mezani.

"Nauliza kwa sababu nimeliona limefika kwenye masanduku likashindwa kuendelea. Nikasema labda gia."

"Gari zima," alisema Taimi.

"Basi dereva ndiye mbovu. Taimi, nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Usinichezee. Chini kuna T.K. Mji huu T.K. ni nani? Tauno? Tauno ameanza kuandika Kilatini?"

"Ensio, mimi siwezi kuzungumza mambo ya kazini."

"Ya kazini! Ni utumbo wangu!"

"Ni wako. Lakini nilikutana nao kazini."

"Haya, mimi mwenye utumbo nakuruhusu. Zungumza."

"Ruhusa ya mdomo haitoshi," alisema Taimi.

Alisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema "karibu." Upande wa pili Ensio akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Taimi hakucheka, lakini hakukata simu.

"Na umekosea," alisema Ensio alipopata pumzi. "Umeandika 'satarani.' Umekaa mezani pale tangu mimi sijaota ndevu, hujawahi kukosea neno, umengoja zamu yangu."

"Wapi?"

"Mstari wa tatu."

"Nitasahihisha Jumatatu."

"Usisahihishe! Iache. Ukurasa mzima ni hapo tu nilipoona kuna mtu." Kisha akauliza, "Ulikuwa umekuja mikono mitupu?"

"Nilikuwa na mkate."

"Sasa uko wapi huo mkate?"

"Uko garini."

"Basi urudishe huku kabla haujaganda. Kahawa ninayo."

Taimi akarudi. Mara hii ya pili alipita masanduku ya barua bila kupunguza mwendo. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu kifo cha mama yao. Ensio hakuwa amebadilisha kitu, hata pazia. Walikaa mezani wakala mkate bila kusema mpaka kikombe cha kwanza kikaisha, na hiyo kwa Ensio ni rekodi.

Kisha akageuza kompyuta yake ndogo kuelekea kwa dada yake. "Nisomee. Maneno nayaona, lakini hayaingii."

"Mimi si daktari."

"Najua wewe si daktari. Daktari angekuwa amenipigia simu."

Taimi alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, kwa sauti ndogo, na kila neno la Kilatini alilieleza kwa lugha ya nyumbani: hili ni utumbo, hili ni ini, hapa wanasema kuna madoa mawili na wanataka kujua ni nini, hapa wanaomba wenzao wa Kuopio wakate. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

"Nitakufa?"

"Sijui. Hilo sijaliandika."

"Lakini umeandika mengi kama haya. Wengine wanakuwaje?"

Taimi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha mkate. "Wengine nilikuwa naendelea kuwaandika miaka na miaka," alisema. "Wengine hapana."

Ensio akaitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alilipokea vizuri kuliko kama angeambiwa asijali. Alimimina kahawa, akamwagia mezani kidogo, wala hakupangusa.

"Mama alikukataza kweli?" aliuliza ghafla. "Au wewe ndiye uliyeona vyema hivyo?"

"Alinikataza."

"Alisema nini? Maneno yake."

Taimi alifikiri. Ensio anasema alikuwa hajawahi kumwona akifikiri muda mrefu namna hiyo. Alikuwa akitafuta maneno yenyewe, si mfano wake. "Alisema, 'Akija atakaa hapa ananitazama. Mimi kutazamwa siwezi.'"

Ensio aliinuka, akaenda dirishani, akasimama ameipa meza mgongo. Huyo alikuwa mama yao mtupu. Mtu mwingine asingeweza kuyabuni maneno hayo, na Taimi hakuwa mtu wa kubuni. Miaka yote ile Ensio alikuwa amejiaminisha kwamba hakukuwa na katazo lolote, kwamba ni ubaridi wa dada yake tu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile kanisani?"

"Hukuniuliza maneno. Uliniita kabati."

"Na wewe ukakubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza." Kisha akaongeza, na Ensio anasema hapo ndipo alipogeuka kumtazama: "Ningeweza kukwambia uje kunywa kahawa tu. Bila sababu. Sikufikiria hilo ila baada ya mazishi. Na leo nilifikiria, nikaja, nikaona ukiniona na mkate utajua. Nikageuza."

"Mimi nilikuwa najua tayari, mjinga wewe."

"Nami ningejuaje kwamba unajua?"

Hawakukumbatiana. Ensio, ambaye huongeza chumvi kwenye kila kisa, hapo hakuongeza. Alisema walifunga mkate uliobaki, na Taimi akamwandikia kwenye bahasha namba ya kliniki ya kupiga Jumatatu asubuhi, akapiga mstari chini yake.

Jumatatu hiyo, kabla hata ya kuvua koti, Taimi alimweleza Sirkku kwamba alikuwa nyumbani kwa mgonjwa na wamezungumza. Sirkku alisema sawa. Taimi akakaa kwenye kiti chake akasahihisha "satarani." Ensio aliona mchana uleule, akampigia akiwa na hasira ya kweli.

"Nilikwambia uiache!"

"Lilikuwa kosa."

"Lilikuwa langu!"

"Lipo bado," alisema Taimi. "Kwenye mfumo huu hakifutwi kitu. La kwanza limekaa chini ya la pili."

Daktari kijana naye aliitwa na wakubwa wake kuhusu maandishi yaliyotangulia simu. Alikwenda kwa Ensio kitandani kumwomba radhi siku alipolazwa kwa vipimo vya mwisho, na Ensio, kwa jinsi alivyo, alimfariji mpaka daktari akakaa chini.

Kuopio walikwenda kwa gari jekundu, Taimi akiendesha. Muuguzi wa mapokezi aliuliza nani aarifiwe habari za mgonjwa.

"Huyu hapa," alisema Ensio. "Dada yangu. Mwambieni yote, mimi mtaniambia yatakayobaki."

"Inabidi utie saini," alisema muuguzi.

"Najua, najua. Nimelelewa na mtu wa saini."

Walimkata utumbo kwanza, ini baadaye. Doa moja la ini lilikuwa ugonjwa, la pili lilikuwa kovu la zamani lisilo na maana. Dripu za dawa zilifuata, kipindi chote cha giza la vuli na baridi. Ensio alikonda, ulimi ukapoteza ladha, akawa mkali. Aligombana na Taimi kuhusu supu, kuhusu mwendo wa gari, kuhusu redio. Mara moja alimwambia asije tena, na kesho yake Taimi akaja kama kawaida na kukuta njia imeshafagiliwa theluji. Mashine ya kukata miti aliiuza, maana mwili haukukubali tena mtikisiko wake. Hiyo ilimuuma kuliko kisu. Lakini picha zilizofuata zilikuwa safi, na zilizofuata hizo pia. Leo yupo, mwembamba, anaendesha basi la wazee la kanisa, na abiria wake wanajua habari ya ini lake kuliko ya maini yao.

Upande wa Taimi, kazi ilikwisha yenyewe. Ilikuja programu ambayo daktari anaizungumzia na inaandika papo hapo, bila hedifoni, bila pedali. Makarani wakapunguzwa, waliobaki wakapewa kusahihisha yaliyoandikwa na mashine. Kuna wakati daktari alisema figo la kulia limevimba, mashine ikaandika figo linalia na limevimba. Sirkku anasema Taimi alisahihisha hilo bila kutabasamu, lakini alikwenda kusimama koridoni kidogo. Hatimaye chumba chao kikafanywa sehemu ya kupumzikia wauguzi, na Taimi akastaafu. Walimpa maua na kikombe. Hakutoa hotuba.

Sasa Jumanne na Alhamisi hukaa maktaba, kwenye meza ya karibu na magazeti, kuwasaidia wazee wasiojua kufungua kurasa zao za afya. Namba za benki waingize wenyewe. Yeye huonyesha kwa kidole wapi pa kubonyeza. Ukurasa ukishafunguka, hugeuza kiti chake akatazama nje, kwenye maegesho, mpaka mwenyewe aseme amemaliza.

Wiki iliyopita nilikuwa pale nikirudisha vitabu. Mzee Urpo Jauhiainen, aliyekuwa mwuza matrekta, kiziwi wa sikio moja, alikuwa amefungua wa kwake, na Taimi ameshageuka.

"Sioni kitu!" alisema Urpo. "Miwani nimeiacha nyumbani. Nisomee."

"Nenda kaichukue, nitakungoja."

"Na barafu yote hii? Unataka nivunje nyonga waandike mengine? Soma!"

"Urpo, hapa kuna watu."

"Mimi nimewauzia matrekta wote hawa. Soma!"

Taimi alitazama huku na huku. Mkutubi alijifanya anapanga kadi. Alisogea karibu na sikio zuri la Urpo, akasoma kwa sauti ya chini kabisa.

"Unasemaje?" aligutuka Urpo. "Sukari?"

Taimi akasoma tena, juu kidogo.

"Sukari iko sawa!" Urpo aliitangazia maktaba nzima. "Na mafuta?"

"Mafuta," alisema Taimi, uso umemwiva, "yamepanda."

"Yamepanda, anasema! Ni kwa sababu ya nini?"

"Hapa wameandika siagi."

Watu kwenye magazeti walicheka wazi sasa. Urpo alicheka kuliko wote. Taimi alimwonyesha pa kubonyeza ili ukurasa ufungike, akahakikisha umefungika, kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni.